Siku Kumi na Moja za Daftari la Mvua

Sikuwepo.

Naanza na neno hilo kwa sababu nimelikana kwa zaidi ya miaka ishirini: kwenye karamu za kuagana, kwenye mafunzo ya waajiriwa wapya, na mara moja mbele ya kamati. Nimesema mara nyingi, na baadhi yenu mmenipigia makofi, kwamba katika miaka yote ya utawala wa kijeshi kituo chetu cha hali ya hewa hakikukosa kipimo cha mvua, ukiiacha siku moja ya sabuni ambayo nitaieleza, na kwamba mimi, Rose Akello, sikukosa zamu hata moja. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili ni uongo. Na jinsi ile ya kwanza ilivyokuja kuwa kweli nimeijua juzi tu, wiki mbili baada ya kurudisha funguo za ofisi.

Mliniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilichelewa, na mshahara wa miaka ile ulinunua sabuni, siku ambazo sabuni ilikuwepo. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa baadhi yenu mko ng'ambo ya mpaka, na kwa kuwa ndiyo lugha iliyonilea. Baba yangu alikuwa polisi kutoka kaskazini, nami nilizaliwa kambini, ambako watoto wa makabila kumi na mbili walitukanana kwa Kiswahili kimoja.

Nilifika kituoni mwaka wa pili wa utawala ule, nikiwa na shahada ya jiografia na viatu vyenye visigino virefu. Kituo kilikuwa juu ya kilima: nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu vilivyotenganishwa kwa mbao, na mbele yake uwanja wa nyasi uliozungushiwa waya. Mkuu wa kituo, Bwana Mwakio, Mtaita kutoka Kenya aliyefunga tai hata Jumapili, aliniangalia miguuni kabla ya kuniangalia usoni.

"Binti, hapa tunafanya kazi nyasini," alisema. "Kwa visigino hivyo utatuchimbia mashimo ya mihogo."

Akanipeleka hadi kwenye kitu kilichochomoza ardhini, urefu wake haukufika gotini.

"Unaona nini?"

"Kipimamvua," nikajibu, nikifurahi kwamba swali la kwanza la kazini lilikuwa jepesi.

"Unaona kopo. Litakuwa kipimamvua saa tatu kamili asubuhi, ukiwepo."

Kwa ninyi mliokuja baada ya mitambo ya kujipimia yenyewe: kopo lile lilikuwa na faneli mdomoni na chupa ndani. Mvua ya saa ishirini na nne ilikusanyika kwenye ile chupa. Saa tatu kamili unaitoa, unaimimina kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, unapiga goti hadi jicho lilingane na maji, unasoma pale yalipobonyea katikati, si yalipopanda ukingoni, kisha unaandika milimita daftarini na kutia herufi za jina lako. Hata kama hakuna kitu unaandika sufuri, kwa maana sufuri ni kipimo, na nafasi tupu ni uzembe. Ukikosa siku moja, maji ya siku mbili yanachanganyika, na hakuna msomi duniani awezaye kuyatenganisha. Kipimo chenye mashaka kilifutwa kwa kalamu nyekundu. Bwana Mwakio alinikabidhi kalamu ile mwezi wangu wa tatu, akisema nina roho ngumu inayoifaa. Nilidhani ni sifa.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Juma Ramadhan, Mnubi wa Bwaise, kizazi cha wale askari walioletwa zamani na Waingereza kutoka Sudan. Hakuwa na shahada. Alikuwa na miaka minane ya kazi na jicho lililosoma gilasi kabla hajapiga goti. Bwaise iko bondeni, na maji ya vilima vyote hushuka huko kutafuta pa kulala. Kwa hiyo mvua kubwa tuliyoifurahia daftarini, Juma alikuwa ameshaipima nyumbani kwa magoti yake.

"Leo ni arobaini na kitu," angesema akiingia, suruali imekunjwa. "Kitanda cha watoto kimeelea."

Tungepima, tukakuta arobaini na mbili.

Wa tatu alikuwa mkata nyasi wetu. Nyasi zinazozunguka kipimamvua lazima ziwe fupi, la sivyo matone hudunda na kuingia yasikoalikwa. Tulimwita Nalongo, jina la heshima ambalo Waganda humpa mama aliyezaa pacha. Jina lake la kuzaliwa sikuwahi kumwuliza. Aliishi na pacha wake katika chumba kimoja nyuma ya kituo, na hakujua kusoma wala kuandika. Siku yangu ya kwanza alitaka kujua jina langu lina maana gani. Nikamwambia kwetu Akello ni mtoto anayezaliwa baada ya pacha. Alipiga vigelegele peke yake katikati ya uwanja. Kwao mtoto huyo huitwa Kizza, na yeye baada ya wale wawili hakupata mwingine.

"Basi wewe ni Kizza yangu," alisema. "Umechelewa kuja, lakini umekuja."

Sasa ile siku ya sabuni. Miezi michache baadaye nilitoka na gilasi yangu saa tatu kasoro dakika tano, nikakuta chupa ya kipimamvua imeanikwa juu ya waya, inameta.

"Nimeosha, mwanangu," Nalongo alisema kwa furaha. "Ilikuwa chafu sana. Nimetia na sabuni."

"Na maji yaliyokuwamo?"

"Ile? Nimemwagia maua."

Sijawahi kumpigia mtu kelele vile, kabla wala baada. Nilimwambia kwamba kila tone lililomo mle ni la serikali, kwamba hata tone moja lisimwagike bila kupimwa, hata moja, unasikia? Nalongo alipiga magoti, kama wanawake wa Kiganda wafanyavyo wanapoomba radhi, naye alikuwa rika la mama yangu. Sikumwinua. Niliingia ndani, nikachora mstari mwekundu kwenye tarehe ile. Akanifuata hadi mlangoni, akautazama ule mstari.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimeifuta siku."

"Siku yote?"

"Yote. Kwa sababu yako."

Tangu asubuhi ile hakuniita Kizza tena. Aliniita Madamu, nami nikaona ni maendeleo.

Miaka ikaanza kubana. Petroli ikaadimika, sukari ikawa ya foleni, na watu wakawa wanaagana asubuhi kama wasafiri hata walipokuwa wanakwenda sokoni. Nilitembea kutoka gorofa za Bugolobi hadi kilimani kwa miguu, kwenda na kurudi, na nadhani hakuna aliyenifahamu katika miaka hiyo ambaye hakuelezwa habari za malengelenge yangu.

Mwaka mmoja Bwana Mwakio, akiandika ripoti, alituita mimi na Juma mmoja mmoja. Alituuliza swali moja: katika kazi yote ya mwaka ule, sehemu gani ilikuwa jasho lako? Nilitaka kuonekana mnyenyekevu, nikasema theluthi mbili. Baadaye akatuita wote wawili.

"Akello amesema theluthi mbili. Juma amesema theluthi mbili," alisema, akikunja karatasi. "Kwa hiyo kituo changu kina theluthi nne. Hongereni. Na Nalongo bado sijamuuliza."

Tulicheka kwa adabu. Juma alinitazama kama mtu aliyeibiwa, na nadhani nami nilimtazama vivyo hivyo. Hakuna kati yetu aliyedanganya, na hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Njia ya kutoka Bugolobi niliijua jiwe kwa jiwe kwa kuwa niliikanyaga mwenyewe. Njia ya Juma kutoka Bwaise niliijua kwa sentensi moja aliyosema akiingia mlangoni. Taabu zangu nilikuwa nazo kitabu kizima. Za kwake nilikuwa na muhtasari. Kisha nikahesabu kurasa, nikajipa ushindi.

Mfano wake ni hadithi yangu ya kizuizi cha barabarani, ambayo wengi wenu mmeisikia. Miaka ile gilasi ya kupimia ikivunjika hapakuwa na nyingine, kwa hiyo niliibeba nyumbani kila jioni nikiwa nimeiviringa kwenye kanga. Asubuhi moja, chini ya kilima, askari waliupekua mkoba wangu.

"Hii ya nini?"

"Ya kupimia mvua, afande."

"Mvua ya nani?"

"Ya serikali."

Nilipoisimulia niliishia hapo siku zote: askari anacheka, msichana shujaa anapanda kilima. Lakini askari hakucheka. Alichukua kitambulisho changu akasoma jina, na katika miaka ile jina la kaskazini lilitosha kukupandisha gari ambalo abiria wake hawakurudi. Aliniamuru nikae chini kando ya barabara. Nilikaa. Juma alikuwa ameshavuka kizuizi, ameshafika mbali, akageuka nyuma akaniona. Angeweza kutorudi. Alirudi. Aliongea nao Kinubi, akacheka nao, akawagawia sigara zake zote, kisha akanigeukia na kunifokea kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Na wewe Akello, kila siku kuchelewa! Simama! Saa tatu itakungoja wewe?"

Tulipanda kilima. Langoni aliutia ufunguo mara tatu bila kupata tundu. Nilimwona. Lakini nilipofika kitini nilikuwa nimeshajiambia kwamba kwake ilikuwa rahisi, kwamba wale ni watu wake, kama kusalimia majirani tu. Kufikia Krismasi alikuwa ametoka kabisa katika hadithi yangu.

Nchi zetu tatu, zilizokuwa zikiendesha idara moja ya hali ya hewa, zilipogawana vyombo vyake, Bwana Mwakio alirudi kwao na tai zake, akatuachia gilasi na kalamu nyekundu. Mimi nilibaki. Kuhusu kubaki kwangu pia mmeisikia hadithi, kwamba nilipewa nafasi Nairobi nikaikataa kwa ajili ya kituo. Nafasi ilikuwepo. Lakini niliogopa vizuizi vya njiani hadi mpakani Busia kuliko nilivyokipenda kituo, na barua nilikaa nayo hadi muda wake ukapita.

Halafu ikaja ile Aprili ya vita vilivyouangusha utawala ule. Mizinga ilisikika kwanza upande wa Entebbe, kama mtu anayehamisha makabati ghorofa ya juu. Jirani yangu wa gorofani, mtu wa kwetu, alichukuliwa mchana na hakurudi. Asubuhi iliyofuata nilipitia mlango wa nyuma nikaenda kwa shangazi yangu Luzira, nikakaa siku kumi na moja ndani ya stoo yake ya mkaa. Gilasi niliiacha kituoni. Nilijiambia kwamba Juma yupo.

Niliporudi, mji ulikuwa umeshapata wenyewe wapya, na watu walikuwa wanatembea na magodoro na majokofu vichwani. Kituoni palivunjika kioo kimoja tu. Juma alikuwa ndani, ndevu zimeota, daftari liko wazi mbele yake.

"Limekamilika, dada," alisema.

Nilitazama. Siku kumi na moja zote zilikuwa zimejazwa, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja. Palikuwa na sufuri kadhaa, na siku moja ya milimita sabini na moja, mvua kubwa kuliko zote za mwaka ule. Pembeni herufi zilipokezana kama zamu zetu: J.R., R.A., J.R., R.A.

"Umeandika herufi zangu."

"Ilikuwa zamu yako."

"Ulikuwa hapa siku zote hizi?"

"Wakubwa wapya watakuja kuuliza nani alikimbia," alisema. "Hakuna aliyekimbia. Daftari hili hapa. Usiniulize tena, walahi."

Akafunga daftari, akaenda Bwaise kuangalia nyumba yake, maana Wanubi, waliohesabiwa watu wa utawala uliong'oka, walikuwa wameanza kuvunjiwa milango. Nami nilibaki na mawazo mawili. Ama Juma alisimama uwanjani chini ya mizinga kila asubuhi, na mimi ni mwoga niliyefichwa na herufi mbili. Ama alitunga namba zote kichwani. Nilichagua la pili. Ndilo lililoniruhusu kula chakula cha mchana.

Nilitoka nje na hasira isiyokuwa na pa kwenda, ikapata pa kwenda. Kwenye dirisha la stoo niliona chupa kumi na mbili, za soda na za bia, zimepangwa mstari, kila moja imezibwa kwa jani la mgomba lililoviringwa. Nyingine zilikuwa na maji. Nyingine zilikuwa tupu kabisa, nazo zimezibwa. Mbili zilifungwa pamoja kwa kamba ya mgomba. Niliona jambo moja tu: Nalongo ameanza kuuza pombe ya waragi kwenye mali ya serikali.

"Nini hii?"

"Maji, Madamu." Alikuja mbio kutoka chumbani kwake, akijifuta mikono. Alikuwa amekonda. "Umeziona?"

"Nimeziona."

"Zote?"

"Zote. Hapa si baa."

Nikaichukua ya kwanza nikaing'oa jani, nikaimwaga nyasini. Nikachukua ya pili. Nalongo alisimama kando, mkono mdomoni. Nilizimaliza zote, hata zile tupu nilizipindua, kwa kuwa mtu akiwa na hasira hapendi kubagua.

Wiki chache baadaye kamati ya watu watatu ilikaa katika chumba cha mkuu wa kituo. Walikuwa wanauliza kila ofisi nani alifanya nini siku za vita, na jina la Mnubi lilikuwa limepigiwa mstari kabla hawajakaa.

"Huyu Ramadhan alikuwa kazini?"

Ningeweza kusema ndiyo. Daftari lilisema ndiyo. Lakini niliona kwamba nikiutetea mwandiko wake, wataniuliza mwandiko huo umefanya nini kwenye herufi zangu.

"Alikuja alipopenda," nikasema.

"Lakini herufi zake zimo."

"Herufi huandikika, mzee."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwepo."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipolitamka, na lilitoka kirahisi. Juma aliondolewa wiki ile ile. Alivuka mpaka kwenda Sudan na watoto wake. Nalongo aliendelea kukata nyasi miaka kadhaa, akaniamkia kila asubuhi, kisha akarudi kijijini, na siku ya kuondoka kwake mimi nilikuwa mkutanoni.

Yaliyofuata mnayajua, maana ni mimi niliyewasimulia. Uongo haukukaa kama uongo. Ulikua, ukaota nyama. Kufikia miaka ya tisini nilikuwa nakumbuka harufu ya baruti uwanjani asubuhi za siku ambazo nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya mkaa Luzira. Nilikumbuka baridi ya gilasi mkononi. Msinicheke. Muulizeni mtu yeyote aliyebaki mahali fulani miaka ile akuelezeeni alivyobaki, kisha mmuulize alibaki na nani, muone atakavyotafuta majina.

Mwaka huu Betty, ambaye sasa amekaa kitini kwangu, alikuwa anaingiza madaftari ya zamani kwenye kompyuta. Wahandisi wanaochora mfereji mpya wa Bwaise walitaka mvua zote kubwa za miaka hiyo, na iliyokuwa ikiwahangaisha ni ile ya sabini na moja. Ikiwa ni ya kweli, mfereji lazima uwe mpana. Ikiwa imetungwa, watachimba mwembamba, na watu wa Bwaise watajua ukweli wakiwa vitandani.

"Madamu," Betty aliniambia, "hizi siku kumi na moja mwandiko ni mmoja. Na siyo wako."

"Unaona vizuri."

"Nizifute au niziache? Maana wewe ndiye ulikuwepo."

Nilimwomba anipe siku chache. Katika siku hizo mkanifanyia karamu, na juu ya keki mliandika kwa sukari ya waridi: HAKUKOSA HATA SIKU MOJA. Nilijikatia kipande chenye HAKUKOSA nikakila. Kilikuwa kitamu. Sijui kwa nini nilitarajia vinginevyo.

Betty ndiye aliyenitafutia namba. Juma alisharudi zamani kutoka Sudan. Ana duka la vipuri vya baiskeli Bombo, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani kwangu. Nilimpigia Jumanne, saa tatu kamili asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa pekee niliyowahi kuiheshimu.

"Haloo, nani?"

"Rose Akello. Wa kituoni."

Nilisikia kuku, na redio ikipunguzwa sauti.

"Mvua mmepima?" akauliza.

"Wamepima. Juma, zile siku kumi na moja. Ulikuwepo?"

"Miaka yote hii hujauliza."

"Uliniambia nisiulize."

"Na wewe tangu lini unanisikiliza?" Alicheka, akakohoa. "Watoto wangu nawaambia nilikuwepo. Bomu huku, mimi na gilasi huku. Lakini mama yao amekaa hapa ananitazama, kwa hiyo nitakuambia. Sikuwepo, dada. Nilikuwa Kibuli kwa shemeji yangu, chini ya kitanda, na watoto wote. Nimerudi asubuhi ile ile, saa chache kabla yako. Nilijiambia wewe upo."

"Kwa hiyo ulitunga."

"Nitunge mvua? Mimi?" Sauti yake ilipanda. "Nilipima! Kila siku peke yake, kwa gilasi, goti chini."

"Ulipima nini, kama hukuwepo?"

"Chupa za Nalongo."

Nilikuwa nimesimama jikoni. Nikavuta kiti.

"Yeye hakwenda popote, angekwenda wapi?" Juma alisema. "Saa ya ukutani alikuwa anaiona kwa dirisha. Kusoma hajui, lakini ule mshale mfupi ukifika pale tulipokuwa tunatoka kila siku, na yeye anatoka. Bomu zinapita juu, anatoka. Anamimina kwa chupa, anaziba, anapanga. Isiponyesha anaziba chupa tupu. Ile mvua kubwa ilijaza mbili, akazifunga kamba zisipotezane. Nikamwuliza nani amekutuma? Akasema, Madamu alisema hata tone moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungezifuta. Nalongo hakusomea kazi. Ungechora nyekundu zote kumi na moja."

Ningezichora.

"Na kamati? Kwa nini hukuwaambia wao?"

"Niwaambie daftari la serikali limepimwa na mkata nyasi? Wangemfukuza na yeye. Alikuwa na wale pacha."

"Juma, kwenye kamati, mimi nilisema..."

"Ule ukuta ulikuwa wa mbao, dada. Nilikuwa chumba cha pili, nakusanya vitu vyangu."

Niligeuza bahasha iliyokuwa mezani, nikatafuta kalamu. Ndipo nilipomwuliza kama Nalongo bado yupo. Alifariki, akasema, alikwenda kumzika mwenyewe, upande wa Mityana. Nikamwuliza jina lake la kuzaliwa, ili Betty aliandike pembeni ya zile siku badala ya herufi zetu. Lilikuwa Eseza Nabukenya. Alinitajia polepole, kama mtu anayesomea mwingine namba za gilasi, nami nikaliandika nyuma ya bahasha.

Kisha nikamwambia lililobaki.

"Zile chupa nilizikuta dirishani, Juma. Nilizimwaga."

"Najua. Mimi nilishapima, lakini alinikatalia kumwaga. Nilirudishia maji ya kila siku chupani mwake. Alisema mpaka Madamu aje azione mwenyewe. Jioni ile nimetoka Bwaise, alinishika mkono pale langoni, ana wasiwasi sana. Akaniuliza, 'Juma, Kizza yangu amemwaga mvua. Na yeye watamfuta?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia asiogope. Nilimwambia kalamu nyekundu anayo Kizza mwenyewe."